Ziwa Tulilopewa Mwaka 2012

Ukitoka Bariadi saa kumi alfajiri na kasha la barafu begani, watu wa stendi watakuuliza unakwenda kuuza nini. Hakuna atakayekuuliza unakwenda kuvua wapi. Mji wetu ni wa pamba, ng'ombe, dengu na choroko. Samaki tunamjua akiwa tayari kwenye beseni la mama muuzaji, au amekaangwa na kulazwa juu ya gazeti. Mara ya kwanza nilipomwambia kondakta kwamba siuzi kitu, nakwenda Lamadi kukodi boti nivue kwa ndoano halafu nirudi jioni, alinitazama viatu, akanitazama uso, kisha akasema, "Kwani sokoni wameisha, kaka?"

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, ila ni refu kidogo, ndiyo maana naliandika gazetini badala ya kumpigia kelele mlangoni mwa basi.

Jibu linaanzia kwenye ramani. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Bariadi (na Itilima iliyomegwa humo), Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, nchi ya mbuga ambako maji ni kisima, lambo au mto wa msimu. Busega ilikatwa kutoka Magu, mkoani Mwanza, na ndiyo iliyokuja na ufukwe. Sisi wa Bariadi tulilala watu wa nchi kavu tukaamka watu wa ziwa, kwa tangazo la serikali. Mto uliotupa jina humwaga maji yake Ghuba ya Speke, lakini mdomo wake uko Magu, ng'ambo ya mpaka. Basi tuna jina la mto usioishia kwetu na ziwa tusilokwenda kulitazama.

Wala si mbali. Barabara ya lami ya Bariadi hadi Lamadi ina kilomita 70 na ushee. Unashuka njia panda, kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Mashariki ni Serengeti. Lango la Ndabaka liko mwendo mfupi tu mbele yako. Magharibi, nyuma ya mabanda ya mitumba na vibanda vya mama lishe, ni Ziwa Victoria, kilomita za mraba 68,800, karibu nusu yake ikiwa ndani ya Tanzania. Watalii wanaolala hapo hulitazama ziwa jioni wakinywa kitu baridi, kesho yake wakaenda kutazama nyumbu. Sisi wenyeji tunafanya vivyo hivyo, tofauti ni kwamba nyumbu hatuwaendei.

Maneno "boti ya kukodi" yasikudanganye. Huko pwani, Shimoni, Malindi au Mafia, boti ya mvuvi wa burudani ina kiti kinachozunguka, mkanda wa kiunoni, fito nne au tano zimechomekwa nyuma zikipepea kama antena, na mpishi mara nyingine. Huko ndiko Ernest Hemingway alikovua, Malindi, mwaka 1934. Lamadi unakodi mtumbwi wa mbao wenye mbavu nene, ambao jana usiku ulikuwa kazini na bado una magamba sakafuni. Una injini ya nje, nguvu za farasi 15, au 40 ukibahatika. Una ubao wa kukalia. Turubai la kivuli hupatana nalo kwa bei ya pembeni. Nilipoleta ufito wangu wa kuvulia nilioununua Mwanza, nahodha aliugeuza geuza mkononi, akauliza kama ni wa kuchungia mbuzi. Yeye hutumia mshipi mnene uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, na kidole chake cha shahada kina mfereji uliochimbwa na mshipi huo kwa miaka.

Ni mzee wa Kijita. Namwita Baba, yeye huniita "mwandishi" kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa mdogo. Nikimwamkia "Mwangaluka, Baba," hunijibu kwa Kiswahili kwa makusudi, anikumbushe kwamba ufukwe huu una Wasukuma, Wajita, Wakerewe na Wajaluo, na kwamba Kisukuma changu cha Bariadi kinaishia kwenye nyasi. Kwenye mtumbwi kuna lugha ya maji.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba sikupaswa kupiga simu na kusema nakuja Jumamosi. Nilipaswa kuuliza mwezi uko wapi.

Ziwani mwezi una nusu mbili: giza na mbalamwezi. Usiku wa giza ni wa dagaa. Mitumbwi hutoka jioni na taa, zamani karabai za mafuta ya taa zilizovuma kama nyuki, siku hizi zaidi taa za betri na sola, na usiku wa manane ukisimama ufukweni unaona mji mwingine umejengwa juu ya maji. Dagaa huja kwenye mwanga, wavu huinuliwa, asubuhi mchanga wote unang'aa fedha kwa dagaa walioanikwa. Mbalamwezi ikitoka, taa inakosa maana, kwa sababu ziwa zima limewashwa. Wavuvi wa dagaa hupumzika, hushona nyavu, huziba mitumbwi, hunywa, hugombana na kuoana. Hapo ndipo mtumbwi unapopatikana wa kukodi kwa bei ya kibinadamu. Mimi, mtu wa mshahara na wa Jumamosi, nilichukua karibu mwaka mzima kukubali kwamba kalenda yangu haihusiki.

Usifikiri mbalamwezi ni ya ndoano na giza ni la wavu, yakaisha. Sangara, anayetuleta hapa, hula dagaa, hula furu, hula uduvi, hula na watoto wa sangara wenzake bila aibu. Alfajiri inayofuata usiku wa giza, dagaa wanapotawanyika kutoka kwenye taa, yeye yuko karibu. Baba huniambia kwamba saa mbili nzuri kuliko zote katika mwezi ni zile za alfajiri ya giza, na kwamba saa hizo hawezi kuniuzia kwa sababu mtumbwi uko kazini. Nimezipata mara mbili tu, kwa kulala ufukweni.

Sasa misimu. Nitaanza na kusi, kwa kuwa ndio msimu ninaoupenda na sioni sababu ya kujifanya sina upendeleo.

Kuanzia Juni hadi Agosti mvua zimekwisha Simiyu. Pamba imevunwa, mizani imefunguliwa vijijini, na mkoa unaoongoza nchini kwa zao hilo unakuwa na fedha mkononi kwa wiki kadhaa. Ni wakati wa ngoma: Bagika na Bagalu wanashindana, watu wanatembeleana. Wasukuma tuna msimu wetu wa starehe tangu zamani, na umekaa hapo hapo, baada ya mavuno. Atakayesema starehe ni jambo la kuiga kwa wageni hajawahi kusimama kwenye uwanja wa ngoma mwezi wa saba.

Na ndio wakati upepo wa kusi mashariki unapovuma kwa nguvu. Kwa mtu wa pwani hii ni habari mbaya. Pale Mlango wa Pemba, ambako kina ni mamia ya mita na ambako sulisuli na jodari hupita, kusi huchafua bahari. Boti za uvuvi wa burudani za pwani ya Kenya kwa kawaida huvutwa nchi kavu kuanzia Mei hivi, zipakwe rangi, hadi Agosti. Msimu wao mkubwa unakuja na kaskazi, Novemba hadi Machi, maji yakiwa ya moto na bahari imetulia. Upepo unaowafungia wao ndio unaotufungulia sisi.

Sababu iko chini ya maji. Kwa sehemu kubwa ya mwaka Ziwa Victoria limelala kwa tabaka: maji ya moto juu, ya baridi chini, hayachanganyiki, na yale ya chini hukosa hewa hadi samaki hawezi kuishi humo. Sangara ni samaki anayetaka hewa nyingi. Tabaka likiwepo, anasukumwa juu na kando, kwenye kina kifupi. Kusi inapopiga na usiku wa kiangazi unapopoza uso wa maji, tabaka linavunjika, ziwa linapikwa kwa mwiko kutoka chini hadi juu, na hewa inafika sakafuni. Ghuba ya Speke si ya kina kikubwa, na hata ziwa lote pale lilipo refu zaidi halivuki mita 80 na ushee, kwa hiyo upepo unatosha kuligeuza. Katika kugeuka huko mara nyingine maji mabovu ya chini hupanda ghafla na samaki hufa kwa wingi ufukweni. Watu husema ziwa limetapika. Lakini likishatapika linakuwa na njaa, na sangara huwa na njaa nalo.

Asubuhi ya kusi tunatoka saa kumi na moja. Ufukwe wa Lamadi uko upande wa mashariki ya ghuba, kwa hiyo upepo hutoka nyuma yako, kutoka nchi kavu, na safari ya kwenda ni ya kuteleza. Injini inanong'ona. Baridi inaingia kwenye mifupa kwa namna ambayo mtu wa Bariadi hakuitarajia, chukua koti. Tukifika kwenye miamba iliyojificha, ambayo Baba huipata kwa kulinganisha mti fulani na paa fulani nchi kavu, anapunguza mwendo na tunaanza kuburuta chambo nyuma ya mtumbwi: changu samaki wa bandia wa plastiki mwenye macho makubwa, chake furu hai aliyetundikwa mgongoni kwa ustadi ambao sijaupata.

Halafu hakuna kinachotokea. Hili magazeti huliruka. Saa nzima, saa mbili, unatazama mnandi wakikausha mabawa kwenye mwamba, unatazama furukombe akifanya kwa dakika moja kazi iliyokushinda tangu alfajiri, unakula kiporo. Kisha mshipi unakazika kana kwamba umenasa kwenye dunia. Sangara mkubwa havuti kwa fujo mwanzoni, anakaa tu, kama mtu mnene aliyeamshwa. Ndipo anapokimbia. Anapofika juu hufungua kinywa chote na kutikisa kichwa, matamvua yanaonekana mekundu, na ndoano nyingi hutoka hapo. Nimepoteza zaidi ya niliopata. Mkubwa wangu alikuwa wa kilo 19, na nimemtaja kwa unyenyekevu, kwa sababu rekodi ya dunia ya sangara aliyevuliwa kwa ufito ni zaidi ya kilo 104, Ziwa Nasser, Misri, Desemba mwaka 2000.

Saa nne asubuhi Baba hugeuza mtumbwi hata kama samaki wanakula. Sijawahi kumshinda kwa hoja. Jua likipanda, nchi kavu inapata moto, upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani. Kati ya kugeuka kwake na kutulia kuna saa moja ambayo mawimbi hayajui yaelekee wapi. Saa hiyo anataka kuwa anakunywa chai.

Septemba na Oktoba sina mengi ya kuyasema. Joto linarudi, upepo unalegea, ziwa linaanza kujipanga tabaka zake upya. Ni miezi ya mtu anayejifunza, maji yametulia na samaki wadogo ni wengi kandokando, na unaweza kumchukua mtoto. Vuli inapoanza wengi wetu tunarudi shambani, na mvuvi wa burudani mwenye jembe halali hastahili lawama kwa kulifuata.

Januari na Februari mvua hupumzika kidogo katikati ya msimu. Hapo tabaka liko imara, sangara amesukumwa kwenye kina kifupi, na kwa mtu wa ndoano hii ingekuwa neema kama si mawingu. Ziwa hili hutengeneza hali yake ya hewa lenyewe. Usiku upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya maji yaliyo na joto, na dhoruba ya radi huzaliwa huko wakati wewe umelala chini ya nyota. Mchana upepo wa ziwani hugongana na nchi, na mawingu husimama juu ya vilima vya mashariki yakisubiri alasiri.

Februari mmoja Baba alikuwa msibani. Nilikodi mtumbwi kwa mtu mwingine, kijana mchangamfu mwenye injini mpya. Nilihesabu majaketi okozi: mawili, sisi tulikuwa wanne. Nilisema, akajibu kwamba ziwa limetulia kama sahani, nami nilikuwa nimeshalipa. Hapo kosa ni langu na nalitaja kama lilivyo. Saa saba mchana, mbali kuliko tulivyopaswa kuwa, pangaboi ilimeza kipande cha wavu uliokuwa ukielea na injini ikazima. Wakati kijana ananing'inia nyuma na kisu, upande wa nchi kavu pakawa peusi. Dhoruba ilitufikia kabla ya injini kuwaka. Mtumbwi uliosimama bila injini hugeuka ubavu kwa wimbi; tulishika kasia mbili, mmoja wetu akawa anachota maji kwa kasha la barafu, lile lile la stendi, na ndoo ya chambo. Ilichukua labda dakika 40. Mtumbwi wa wavuvi wa migonzo, ile mishipi mirefu ya ndoano nyingi, uliokuwa unakimbilia nchi kavu ulituona, ukageuka, ukaturushia kamba. Hawakutaka fedha. Mmoja wao alinitazama akauliza, "Na wewe ulikuwa unatafuta nini humu?" Ni lile lile swali la kondakta, ila safari hii lilikuwa na haki zaidi.

Tangu siku hiyo situmii maneno "ziwa tulivu". Ukerewe, ng'ambo ya ghuba hii, ndiyo wilaya ya kisiwa cha Ukara, ambako kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 hatua chache kutoka gatini na kuua watu zaidi ya 200. MV Bukoba ilizama Mei 1996. Hizo ndizo tunazozikumbuka kwa sababu zilikuwa kubwa. Mitumbwi hupotea mmoja mmoja, bila jina na bila kamera. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Victoria, redio huusoma. Mimi huusikiliza jioni, kisha nampigia Baba nimsikie yeye, na mmoja wao akisema hapana, nalala Bariadi.

Masika, Machi hadi Mei, ni msimu ambao mwenye fito za gharama huziweka juu ya kabati. Mto Simiyu, ambao kiangazi unaweza kuuvuka kwa viatu ukikanyaga mchanga, sasa unashuka mwekundu, umebeba udongo wa mashamba yetu. Naam, wa mashamba yetu. Maji ya midomo ya mito yanakuwa chai ya maziwa, sangara anayewinda kwa macho haoni samaki wako wa plastiki, na magugu maji husukumwa na upepo hadi kufunga ufukwe. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda kuliko ilivyowahi kupimwa, likaingia kwenye mialo na vibanda vya watu.

Lakini masika ina samaki wake. Ningu, ambaye mababu walimngoja kama sisi tunavyongoja mshahara, hupanda mito mvua zikianza ili akatage. Amepungua sana, kwa kuwa njia yake ilitegwa nyavu mdomoni mwa kila mto. Kambale hutoka kwenye matope akala chochote chenye harufu; ndoano moja, kipande cha utumbo wa kuku, mshipi wa shilingi chache, na mtoto wa miaka tisa hukushinda ukiwa umekaa naye kwenye tope lile lile. Kuna gogogo mwenye miiba, kuna domodomo, na kamongo, samaki anayepumua hewa kama wewe na anayekutazama kama anakufahamu. Mimi masika huvua nikiwa ufukweni, na hukaa mbali na midomo ya mito. Mto Mbalageti una mamba na viboko, na hao hawana msimu wa kupumzika.

Kuna jambo mvuvi wa burudani wa ziwa hili lazima alimeze. Sangara si mwenyeji. Maporomoko ya Murchison, Uganda, yalimzuia kwa maelfu ya miaka asipande hadi kwetu. Aliletwa kwa mkono wa binadamu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelijaza ziwa na kumaliza aina nyingi za furu ambazo hazikuwepo popote pengine duniani. Viwanda vya minofu vya Mwanza na Musoma vilikua juu ya mgongo wake. Leo hata bondo lake, lile puto la ndani linalomsaidia kuelea, husafirishwa hadi China kwa bei inayozidi ya nyama yake. Kwa hiyo ninapomvua sangara simfanyii uhalifu wa asili. Lakini pia ninavua mtaji wa jirani yangu, na hilo nalikumbuka ninapopiga picha.

Wageni hupenda kuvua na kurudisha. Kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kinapokea wavuvi wa burudani kutoka mbali kwa ajili ya sangara, na pwani ya Kenya sulisuli wengi hufungwa alama na kuachiwa waende. Nilimweleza Baba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza samaki mwenyewe ameambiwa nini. Nadhani jibu lake lina akili kuliko linavyosikika. Sangara aliyevutwa kutoka chini hufika juu puto lake limevimba na tumbo limetokeza kinywani. Ukimrudisha anaelea ubavu hadi furukombe amchukue. Huyo umemuua, kilichobaki ni kumla. Wa kina kifupi anaweza kurudi akaishi, hasa kama hukumlaza kwenye mbao za moto ili wote wapigwe naye picha. Mimi hurudisha wadogo, chini ya sentimita 50, kwa sababu kanuni zetu zinakataza kuwavua na kwa sababu ni aibu. Wakubwa wenye mayai nao hurudisha nikiweza. Wa katikati huja Bariadi kwenye barafu, na mtaa wangu umejifunza kuuliza mwezi uko wapi.

Je, hii inaweza kuwa biashara Busega? Nasema inaweza, nami si mtu wa kusema hivyo kwa kila kitu. Watalii tayari wanapita Ndabaka. Fedha ya pamba inaingia msimu ule ule sangara anapokula vizuri. Mitumbwi ipo, imelala siku kumi za mbalamwezi kila mwezi. Nahodha anayemchukua mtu wa Bariadi asubuhi ya mbalamwezi anapata kitu bila kutumbukiza wavu, na anayelipwa kwa samaki mmoja aliyevuliwa kwa ndoano ana sababu moja zaidi ya kuchukia kokoro na nyavu nyingine zinazobeba vifaranga. BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya mialo, zingeweza kuandika orodha ya mitumbwi iliyokaguliwa, majaketi yakahesabiwa kabla ya kusukumwa majini, na nahodha akajulikana kwa jina. Halmashauri ya Busega iweke kibao kimoja tu pale njia panda ya Lamadi kinachoonyesha mwalo uko wapi. Kwa sasa mgeni anaonyeshwa kwa kidole cha bodaboda. Na wizara ieleze kwa Kiswahili rahisi leseni ya kuvua kwa burudani inapatikana wapi, kwa sababu mimi nilizungushwa ofisi tatu kabla ya kumpata aliyejua.

Mradi wa maji unaochota Ziwa Victoria pale Busega na kuyaleta huku juu umekusudiwa kufika katika wilaya zetu zote. Tutakuwa tunalinywa ziwa kabla hatujalijua. Ndiyo maana nampeleka mwanangu. Mwezi uliopita aliniuliza kwa nini maji ya bombani hayana harufu ya samaki, na mama yake akanitazama mimi nijibu.

Kwa atakayetaka kujaribu: Julai, wiki ya mbalamwezi, fika Lamadi jioni ya kuamkia. Leta koti, maji ya kunywa na kofia. Hesabu majaketi kabla ya kutoa fedha, na yakipungua hata moja, rudi ukanywe chai. Sangara wa kukaanga wapo, kondakta alisema kweli.